Suti ya Kwenda Kileo

Chome,
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada yangu mpendwa Eliakunda,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Unaendeleaje huko Same, na kifua chako na vumbi la barabarani vinaelewana siku hizi? Sisi huku tu wazima kwa neema. Ukungu umeshuka tangu Alhamisi, hata ng'ombe wa Yona jirani yangu tunamjua kwa kengele tu. Nakuandikia nikiwa jikoni, karibu na moto. Ningekupigia simu, lakini unajua mtandao huku unashikwa kule juu kwenye kilima cha shule, na pale kila anayepita anasimama kusikiliza. Neno nililo nalo siwezi kulipigia kelele kilimani. Rodrick dereva atashuka na barua hii kesho.

Dada, Agape wangu ametimiza miaka minane kaburini. Nimemlilia mke wangu, na Mungu anajua sijamsahau. Lakini mwaka jana, kwenye semina ya akina mama wa kanisa, alipanda huku mama mmoja kutoka Kileo, mwalimu wa shule ya msingi, mjane mwenzangu. Jina lake Doris. Niliambiwa nimbebee begi mpaka kwenye gari. Ni mwendo wa nusu saa tu. Ukungu ulikuwa mzito, tukawa tunasikiana sauti bila kuonana, yeye ananiuliza habari za tangawizi na mimi namjibu, kama watu wanaoongea ndani ya maziwa. Tangu siku ile nikisikia hatua za mtu kwenye ukungu, moyo unasimama.

Tumekuwa tukitumiana ujumbe. Basi Jumatatu ya Pasaka nikashuka Kileo kuonana na ndugu zake.

Haikwenda vizuri. Kaka yake mkubwa, Mzee Melkizedeki, alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akarudi tena juu, kisha akamwuliza mkewe, na wala si kwa kunong'ona: "Huyu bwana amekuja kuoa au amekuja kupalilia?" Watu wakacheka. Doris hakucheka, alitazama chini. Wamesema nirudi Jumamosi ya tarehe 14 Juni nikae na wazee wao, ndipo watatoa neno. Wakikataa safari hii, basi. Doris ameniambia wazi kwamba hatamvunjia kaka yake heshima, maana ndiye aliyemshika mkono wakati wa msiba wa mumewe.

Na mimi nilivaa vizuri, dada! Nilivaa lile koti la kahawia, jipya, hata lebo ya mkononi niliiacha ili waione. Tai nyekundu. Soksi nyeupe pee, nilizifua mara mbili. Kalamu tatu mfuko wa mbele, maana ni nyumba ya mwalimu. Marashi nilijimwagia ya kutosha kwa sababu ya harufu za safarini. Sasa kosa liko wapi? Wewe ni fundi, unashonea hata wakubwa wa maofisini. Niambie ukweli, usinihurumie.

Ni mimi mdogo wako,
Loth


Same,
18 Mei 2025

Loth wa mama,

Marahaba, mdogo wangu. Mimi sijambo, kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisomea kwenye cherehani. Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama nimepata mjukuu. Halafu nikafika pale penye ukungu, nikalia. Ndivyo ulivyo wewe tangu utoto: mtu hajui akushike mkono au akupige kofi.

Ulitaka ukweli. Ile lebo ya mkononi, Loth, si cheti. Ni ya muuzaji, ajue bidhaa yake ikiwa bado dukani. Ukishanunua unachukua wembe, unakata uzi mmoja mmoja, unaitoa. Kuiacha ni kama wale wanaoacha nailoni kwenye makochi, mgeni akikaa inapiga kelele. Na nyuma ya koti, pale kwenye mpasuo, nina hakika ule uzi ulioshonwa kama msalaba bado upo. Msalaba ule si wa kanisa. Ukate.

Soksi nyeupe ni za mpira wa miguu. Soksi hufuata suruali, na mkanda hufuata viatu: viatu vyeusi, mkanda mweusi, usibishane na hilo. Tai yako naijua, huwa inaishia kitovuni kama ulimi wa mbuzi aliyechoka. Ncha yake iguse kichwa cha mkanda, isizidi, isipungue. Kalamu moja inatosha, na ikae mfuko wa ndani. Marashi mtu ayasikie anapokupa mkono, asiyasikie akiwa bado yuko jikoni anachambua mchele.

Na mikono. Najua utomvu wa migomba umekuganda kwenye kucha mwaka wa ngapi sijui. Sugua kwa ndimu na majivu, asubuhi na jioni, wiki nzima. Kwa kinyozi nenda siku tatu kabla, si asubuhi ya siku yenyewe, kichwa kikizungukwa na mstari mweupe kama njia ya siafu kila mtu atajua umetoka kunyolewa kwa ajili yao. Nywele za puani huwezi kuziona mwenyewe. Mwombe Yona akutazame juani, na asipokucheka si rafiki.

Sisemi haya kwa kuwa Mungu anatazama kola. Mungu anatazama moyo. Lakini macho ya Mzee Melkizedeki yanaishia kwenye kola, na sisi tuna shida na Mzee Melkizedeki.

Lile koti la kahawia mpe mtu. Nitakushonea suti mimi mwenyewe. Kitambaa ninacho, cha bluu nzito, nilikinunua zamani nikakiweka tu bila kujua ni cha nani. Nitumie vipimo kwa kamba ya katani, kama mama alivyokuwa akiagiza sare zetu kwa fundi wa Hedaru. Vipande vitano: fundo moja mabega, mawili mkono, matatu kifua, manne kiuno, matano mguu. Usiende kupimwa kwa mafundi wa huko, kabla hujashusha mikono kijiji kizima kitajua unaoa.

Jana mchana nilisinzia juu ya cherehani, nikaota. Niliona suti inatembea peke yake juu ya ukingo wa Chome, ndani hakuna mtu, na mama yuko mlangoni anaiita kwa jina lako. Haikugeuka. Nimeamka nimeshika mkasi. Sijui maana yake, nimeiombea tu.

Dada yako,
Eliakunda


Chome,
26 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Kamba hizi hapa, tano, nimezifunga kwenye mfuko wa sukari zisilowe. Yona ndiye aliyenipima, alfajiri kabla ya kwenda kukamua. Baridi ilikuwa kali, pumzi zetu zilikuwa zinatoka kama moshi wa mabanda mawili, hata hatukutaka kuvua chochote, tukapima haraka haraka tukarudi kwenye moto. Nywele za puani ameziona. Amecheka, kwa hiyo ni rafiki.

Kucha zimeanza kutakata. Nazitazama kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe.

Nimechoma lebo ile kwenye moto. Ilinuka vibaya.

Loth


Same,
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Loth,

Marahaba, na amani ya Roho Mtakatifu iwe nyumbani mwako. Suti hiyo hapo, Rodrick nimemwapisha asiikalie. Kumbe umenenepa hivyo! Nilipoilaza kamba ya kifua kwenye futi nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Nikasema Bwana asifiwe, makande ya upweke yamemkubali mdogo wangu. Mwisho nilikuona wakati wa mavuno, ulikuwa mwembamba kama mpini.

Nimeshona taratibu. Nimekuwa nikishona jioni jua linapoingia dukani kwa ubavu, na kitambaa kile kikipata jua kinakuwa na rangi ya milima wakati wa kiangazi, ile rangi ya mbali. Nilikuwa nasahau kukanyaga cherehani, nakaa tu nakitazama.

Sasa sikiliza ya mwisho. Kifungo cha chini cha koti hakifungwi. Ukiketi, fungua na kile cha juu, koti lipumue. Lakini koti lenyewe usilivue mbele ya wazee hata kama wenyewe wamebaki na vesti. Ukilivua wewe mgeni, umevua na maneno yako. Fulana ya ndani isichungulie kwenye kola. Leso iwe safi.

Siku yenyewe sitakuwa Same, kwaya yetu imealikwa Hedaru. Kwa hiyo usipite kwangu, utakuta kufuli. Nitakuwa naimba, na kila nikivuta pumzi nitakuwa nakuombea.

Eliakunda


Chome,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Dada Eliakunda,

Shikamoo tena na tena. Nimerudi salama. Kichwa kilikuwa kizito kidogo jana, leo kimepoa.

Sijui nianzie wapi. Tulishuka na Rodrick alfajiri, suti nimeitundika dirishani na hanga yake. Ikawa inayumba kila kona, inaniinamia, inaniacha, nikaona kama nasafiri na ndugu. Nilibadilisha nguo Mwanga, kwenye chumba cha nyumba ya wageni, nikajitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha nikaenda Kileo.

Safari hii hakuna aliyecheka, dada. Hata mmoja! Walinikalisha sebuleni, wazee watano na mimi, kuanzia saa sita hadi saa tisa. Koti sikulivua. Vifungo sikufungua hata kimoja. Jua la kule si letu, na bati lao halina dari. Jasho lilinitoka, sitakuficha, lilinitoka mpaka tone moja likaangukia Biblia ya mzee mmoja. Leso ilikuwa safi lakini haikufika mbali.

Ila ukarimu wao! Mke wa Mzee Melkizedeki aliniletea maji, akaniletea tena, akaleta ya tatu bila kuombwa. Wakasogeza feni yao mpaka kwenye magoti yangu. Na mzee mwenyewe, yule aliyeniambia nimekuja kupalilia, safari hii aliongea na mimi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea wodini. Wakati wa kuondoka alinishika mkono mpaka barabarani, akasema, "Taratibu, ndugu yangu, taratibu." Ndugu yangu!

Doris aliniuliza mara mbili, "Unajisikiaje, Loth?" Mara zote mbili nikamwambia vizuri, vizuri sana. Alinitazama muda mrefu. Nafikiri ndivyo mwanamke anavyomtazama mtu aliyekwisha kumkubali.

Neno lao watalitoa baada ya wiki mbili. Tangu nirudi natembea kama mtu aliyebebwa. Leo nimeenda shambani bila jembe, nikafika, nikakaa juu ya jiwe nikatazama kule bondeni. Magari ya barabara kuu yanaonekana kama siafu, hayana sauti. Nikajiambia, moja ya hayo siku moja litamleta. Nimerudi nyumbani jioni bila kupalilia hata mche mmoja.

Mungu akubariki kwa mikono yako.
Loth


Kileo,
Jumapili, 29 Juni 2025

Kwa Dada Eliakunda, fundi cherehani, Same

Shikamoo dada. Hatujaonana kwa macho. Mimi ndiye Doris, mwalimu wa huku Kileo, na jina lako nimelipata kwa Loth. Barua nimempa mwalimu mwenzangu Blandina anayekuja huko kwa mambo yake. Nimeona jambo hili halifai kwenye simu.

Naomba unijibu kama unavyoweza kumjibu mdogo wako wa tumbo moja. Loth anaumwa nini?

Pasaka alikuja mwembamba, mwepesi, tukamcheka kwa mavazi yake na Mungu atusamehe. Juni amekuja amevaa vizuri kabisa, kola imenyooka, kucha safi, hata kaka amekiri. Lakini mwili ulikuwa umevimba, dada. Kifua na tumbo vimejaa, halafu shingo na viganja vyembamba vile vile. Jasho linamtoka kama mtu mwenye homa, midomo imekauka, mikono inatetemeka akishika glasi. Kaka yangu alisema usiku ule ule, "Miezi miwili tu na amevimba hivyo? Hizo ni figo. Amekuja kuaga, hajaja kuoa." Wazee wote wanaamini hivyo.

Ngoja nikueleze kwa nini silali. Marehemu mume wangu alikuwa mtanashati kuliko walimu wote wa kata. Kila asubuhi nilimpigia pasi shati jeupe. Miaka miwili aliugua ndani ya mashati yale na hakuniambia. Nilikuwa namwuliza, anasema vizuri, ananyoosha kola, anaondoka. Siku nilipojua, daktari hakuwa na la kufanya isipokuwa kunipa kiti.

Mgonjwa simwogopi. Nimeuguza, ninajua. Kufichwa ndiko ninakokuogopa. Na Loth nilimwuliza mara mbili.

Kaka anataka tupeleke neno la hapana. Nimemwomba anivumilie mpaka katikati ya Julai. Wewe ni damu yake, niambie.

Doris


Same,
Jumatano, 2 Julai 2025

Loth,

Leo sina salamu ndefu.

Nimepata barua kutoka Kileo. Nimeisoma, nikaenda kwenye droo nikazitoa zile kamba tano, nikazilaza mezani, nikazitazama. Halafu nikakumbuka maneno yako kwamba hamkutaka kuvua chochote. Loth, ulipimwa ukiwa na sweta ngapi?

Na ulipoivaa suti bondeni bila sweta ukaona ni kubwa, ukazirudisha sweta ndani, si ndiyo? Ndiyo sababu vifungo hukufungua.

Nusu ya kosa ni langu. Miaka thelathini ya joto la Same imenisahaulisha kwetu. Chome mtu havui sweta hata apimwe jeneza. Mama mwenyewe alitupima juu ya sweta, na sare zilitukaa, maana tulizivaa juu ya sweta hizo hizo. Nimekutuma ufanye kama mama, ukafanya kama mama. Halafu nikasifu unene!

Lakini nusu ya pili ni yako. Yale maji, ile feni, ile sauti ya wodini, hayakuwa mapenzi, mdogo wangu. Wanaamini umevimba kwa ugonjwa na unawaficha. Na mume wa Doris alikufa hivyo hivyo, amemficha maradhi miaka miwili, kila akiulizwa anasema vizuri. Sasa umeelewa alikuwa anakutazama kwa nini.

Wanataka kukataa. Amewaomba mpaka katikati ya mwezi huu.

Nilianza kumjibu mimi. Niliandika ukurasa mzima, mzuri, wenye kuchekesha, nikauchana. Nikimweleza mimi, atakuwa amefichwa na wewe na kuambiwa na mtu mwingine, na hayo alishapitia. Nimempelekea mistari miwili tu, kwamba mwenyewe utamwandikia. Andika leo, Rodrick anashuka kesho kutwa. Usiniletee niisome kwanza.

Nimekasirika, na nakupenda.
Eliakunda


Chome,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mwalimu Doris,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Dada yangu amenieleza uliyomwandikia. Leo sikwenda shambani. Nimekaa mlangoni tangu asubuhi, ukungu unaingia na kutoka, na mimi najifunza jinsi ya kuanza.

Siumwi. Nilikuwa nimevaa sweta mbili za sufu chini ya shati, Kileo, saa sita mchana.

Suti ile ilipimwa huku kwetu, alfajiri, nikiwa na sweta hizo mwilini. Huku inanikaa kama ngozi. Nilipofika Mwanga nikazivua sweta, nikavaa suti bila hizo, nikatazama kwenye kioo cha nyumba ya wageni. Koti lilikuwa limesimama, na mimi nimo ndani yake kama maharage mawili kwenye gunia. Nikamsikia kaka yako anacheka kabla sijafika. Basi nikazirudisha, moja, ya pili, nikafunga vifungo vyote.

Uliponiuliza najisikiaje, masikio yalikuwa yanavuma kama mto. Uso wako ulikuwa unakuja na kuondoka, kama siku ile njiani, sauti iko na mtu hayupo. Ningesema tu, "Doris, nasikia joto, nitoe nje." Maneno sita hayafiki. Nikasema vizuri. Niliogopa aibu ya sweta kuliko nilivyoogopa kukutia hofu, na kumbe nilikuwa nimekaa juu ya kidonda chako bila kujua. Kosa hilo si la fundi wala la kamba. Ni langu, na naomba unisamehe.

Nikueleze sasa mwili wangu ulivyo. Nina miaka arobaini na tisa. Goti la kushoto linauma baridi ikizidi, nilianguka na mzigo wa kahawa. Magego mawili ya chini sina. Biblia nasoma kwa miwani ya kuazima, ni ya Yona, na Yona naye aliazima. Siku za mvua naongea peke yangu nikipika, namsimulia Agape, na siku hizi wakati mwingine nakusimulia wewe, na sijui kama ni dhambi. Kucha zangu hazitatakata zaidi ya pale ulipoziona. Hospitali tutakwenda wawili kabla ya lolote, na majibu yangu utayasoma wewe kabla yangu.

Chini ya hapo hakuna nguo nyingine.

Mkisema hapana nitaelewa, na nitamshukuru kaka yako kwa kunifikisha barabarani. Mtu aliyeshikwa mkono na watu wanaoamini anakufa, hawezi kusema hawakumpenda.

Loth


Kileo,
Jumapili, 13 Julai 2025

Loth,

Bwana Yesu asifiwe. Dada yako alinitahadharisha kwamba utaniandikia, na barua yako ilifika Jumanne. Nilisoma nikakasirika, nikaifungia kwenye kabati la vikombe, nikaenda shuleni. Jioni nikaitoa, nikakasirika tena, kidogo. Alhamisi nikampa kaka.

Alisoma kwa sauti mpaka pale penye maharage, akaweka karatasi chini, akatoka nje. Nikamsikia nyuma ya nyumba anacheka mpaka anakohoa, mkewe anamwuliza, "Baba, nini tena?" naye hawezi kujibu. Aliporudi alikuwa amepangusa macho. Akasema, "Saa tatu nzima! Chini ya bati lile! Huyu akiamua kukaa, anakaa." Kisha akanikabidhi barua kwa mikono miwili, akasema yeye hana neno tena, neno ni langu.

Neno langu ni ndiyo.

Sweta nimekusamehe. Ile "vizuri" bado. Nitaisamehe taratibu, huenda ikachukua mwaka, na mwaka huo wote wewe uwe karibu ili nikuone ukiijutia. Na ujue kabisa: tangu nimzike mume wangu sijapiga pasi shati la mwanamume, na sitapiga. Utapiga mwenyewe, au utavaa lililokunjamana, na mimi nitatembea na wewe hivyo hivyo mpaka kanisani.

Nikimaliza kusahihisha madaftari jioni, natoa kiti nje natazama milima inayokwenda kwenu. Mbali kabisa, upande wa kusini, kuna wingu linakaa juu halisogei. Zamani nililiona ni wingu tu. Siku hizi najiuliza kama uko ndani yake, na kama umekula, na ninaweza kukaa pale mpaka mama mkwe wa jirani anapita ananisalimu mara mbili ndiyo nasikia. Nimefikiria kuomba uhamisho. Shule za huko juu nazo zinahitaji walimu. Sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Mchungaji anataka kujua matangazo ya ndoa yaanze Jumapili ipi, na kwenu pia yasomwe siku hiyo hiyo. Tutakwenda hospitali kwanza kama ulivyosema. Lakini kabla sijamjibu mchungaji, nieleze goti linaendeleaje kwa baridi hizi za Julai, na ulieleze lilivyo. Tafadhali usikae na barua hii, nijibu ndani ya wiki.

Wako,
Doris